Kiwavi Mwenye Pembe, Mla Majani ya Viazi

Jioni ya leo napenda kuzungumza nanyi habari za mdudu mmoja ambaye wengi wenu mmekwisha kumwona, na baadhi yenu mmemkimbia. Ni kiwavi mnene, laini, asiye na manyoya, mwenye pembe moja nyuma ya mwili wake, naye hukaa katika mashamba ya viazi vitamu. Lakini sitaanza na habari za mdudu mwenyewe. Nitaanza na habari za ugomvi, maana mdudu huyu aliwahi kugombanisha nyumba mbili katika kijiji chetu, na nyumba moja ilikuwa yetu.

Nilipokuwa mtoto tulikaa katika nchi ya Usukuma, kusini ya ziwa la Victoria. Huko viazi vitamu si chakula cha kuongezea tu, bali ni akiba ya nyumba. Viazi vikivunwa hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani, navyo huitwa michembe. Au huchemshwa kwanza, kisha hukatwa na kuanikwa, navyo huitwa matobolwa. Vikikauka vizuri huwekwa mpaka miezi ile ambayo nafaka imekwisha ghalani na mpya haijakomaa. Basi mtu akipoteza viazi vyake hakupoteza mlo wa leo. Amepoteza mlo wa siku ambayo hana kingine.

Mama yangu alikuwa na matuta yake karibu na njia iendayo kisimani. Mwaka ule mvua zilikuja kwa wakati wake, na marando yalitambaa hata udongo haukuonekana. Jirani yetu alikuwa mzee mmoja mpole, mwenye mbuzi kumi na wawili. Asubuhi moja mama alikwenda shambani akakuta matuta matatu hayana jani hata moja. Vilisalia vikonyo tu, vimesimama kama vijiti. Asubuhi ya pili yakawa matuta matano. Chini yake palikuwa na mavi meusi, punje punje. Mama akaona majani yameliwa, akaona na mavi, akakumbuka mbuzi wa jirani; wala hakuuliza tena. Alikwenda moja kwa moja mpaka nyumbani kwa mzee yule, akasema maneno ambayo hayafai kurudiwa hapa.

Mzee akaapa kwamba mbuzi wake walilala zizini na mlango umefungwa. Mama hakusadiki. Mke wa mzee naye akajibu kwamba kama si mbuzi basi ni mkono wa mtu, na kwamba shamba halikauki usiku mmoja bila ya sababu. Ninyi nyote mwajua maneno ya namna hiyo yanavyoweza kuwafikisha watu pabaya. Muda wa siku nne hatukusalimiana. Sisi watoto tulikatazwa kucheza pamoja, na ilisemekana kwamba shauri litapelekwa barazani siku ya Jumatatu.

Siku ya Jumapili akafika mjomba wangu, aliyekuwa akifanya kazi katika shamba moja la majaribio ya kilimo. Alipokwisha kunywa maji na kusikiliza yote, alisema, “Dada, kabla hatujamwita mtu yeyote mwizi, nionyeshe kwanza hayo mavi.” Tukaenda. Aliokota punje moja, akaiweka katika kiganja chake, akatuita tutazame. “Mavi ya mbuzi,” alisema, “ni makubwa kama harage, tena ni laini nje. Haya ni madogo, nayo yana mifuo ubavuni, mfano wa pipa dogo. Mnyama huyu hana kwato, dada. Ana pembe, lakini ni moja tu.”

Kisha akapiga magoti na kuanza kuinua marando polepole. Sisi tulitazama tusione kitu. Yeye akatuonyesha kwa kidole: huyu hapa, na huyu hapa, na mwingine huyu. Walikuwa mbele ya macho yetu, rangi yao ni ile ile ya majani, wametulia kama sehemu ya mti. Macho yetu yalipozoea tuliwaona kila mahali. Kabla jua halijawa kali tulikuwa tumejaza nusu ya ndoo. Mama alinyamaza kimya. Nitawaambieni mwisho wa mazungumzo haya alifanya nini; sasa na tumtazame mdudu mwenyewe.

Katika lugha ya wataalamu jina lake ni Agrius convolvuli, nalo jina hilo la pili alipewa na Mswidi Linnaeus, mwaka 1758. Mama yake ni nondo mkubwa, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hupata kiasi cha sentimita 8 mpaka 12 toka ncha hata ncha. Rangi yake ni ya majivu yenye mistari myeusi, kama gome la mti, na ndiyo maana mchana hamumwoni ingawa pengine amelala juu ya nguzo ya nyumba yenu. Lakini tumbo lake lina mapande ya rangi ya waridi na nyeusi, ubavu huu na huu. Wakati wa magharibi huamka na kwenda kutafuta maua. Hatui juu ya ua, bali husimama hewani mbele yake akipiga mabawa kwa kasi, na kuingiza mrija wake ndani kunyonya utamu. Mrija huo ni mrefu kuliko mwili wake, naye huukunja kama kamba asipoutumia.

Nondo huyu ni hodari mno wa kuruka. Kila mwaka wako watokao Afrika wakavuka bahari ya Mediterranean, na wengine hufika mpaka Uingereza. Basi msidhani kwamba ua wa miiba au shimo la mpaka litamzuia asiingie shambani.

Nondo jike hutaga mayai yake moja moja juu ya majani ya viazi. Kila yai ni dogo, upana wake milimita 1 tu, nalo lang'aa. Baada ya siku 5 mpaka 8 hutoka kiwavi mdogo sana. Huyu hula, akanenepa, ngozi ikambana, akaivua, akala tena. Naye huendelea hivyo muda wa majuma matatu au manne, hata apate urefu wa sentimita 9 na zaidi, yaani urefu wa kidole kirefu cha mtu mzima. Wengine ni wa kijani, wengine ni wa rangi ya udongo, na ubavuni wana mistari ya mshazari. Pembe iko nyuma, si kichwani.

Hapa sharti nitoe hofu yenu. Pembe hiyo haina sumu wala haichomi. Wako viwavi wenye manyoya ambao ukiwagusa utawashwa siku nzima, na kwa sababu ya hao watu wamejifunza kuogopa kila kiwavi. Lakini huyu mwenye pembe waweza kumshika kwa vidole vitupu. Atajikunja, atainua kichwa chake kana kwamba anakutisha, wala hana silaha nyingine. Hata katika nchi ya Botswana wako watu ambao humkusanya, wakamtoa matumbo, wakamwoka katika majivu ya moto, wakamla.

Akiisha kukomaa, kiwavi huacha majani, akashuka, akachimba udongo kiasi cha sentimita 8 mpaka 10. Humo chini hugeuka kuwa pupa, yaani kitu kigumu cha rangi ya hudhurungi, kisicho na miguu wala mdomo wa kulia. Ukimchimbua utamtambua mara moja, maana mbele ana mkono uliopinda kama mkono wa birika. Na mkono huo ndiyo ala ya ule mrija mrefu atakaoutumia baadaye. Hukaa hivyo siku 17 mpaka 26, kwa kadiri ya joto la nchi, kisha hutoka nondo, na mzunguko huanza tena. Hesabuni wenyewe: tangu yai hata nondo ni majuma sita mpaka tisa hivi.

Sasa nataka kuwaelezeni jambo lililomdanganya mama yangu, maana ndilo linalowadanganya wengi. Watu husema, “Jana shamba lilikuwa zima, leo limeliwa.” Husema kweli juu ya walichokiona, lakini si kweli juu ya kilichotendeka. Kiwavi yule hakuja jana. Alikuwapo shambani majuma matatu yaliyopita. Alipokuwa mdogo alitoboa kijitundu hapa na kijitundu pale, na hakuna aliyekitazama. Sehemu kubwa kabisa ya chakula chake chote hukila katika siku zake za mwisho, baada ya kuivua ngozi mara ya mwisho. Basi kama viwavi wengi walitoka mayaini siku zilizokaribiana, wote huifikia njaa hiyo kwa pamoja, na shamba huonekana limekwisha usiku mmoja. Hapana uchawi ndani yake. Ni hesabu ya siku tu.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni macho. Enda shambani mara mbili kwa juma, asubuhi na mapema, wala usitazame kutoka njiani. Inama, uinue marando, utafute mambo matatu: matundu katika majani, vikonyo visivyo na majani, na mavi yenye mifuo juu ya udongo. Ukiyaona mavi, usitazame chini tena. Tazama majani yaliyo juu yake, maana mwenyewe yupo papo hapo. Kazi hii yawafaa sana watoto wa shule, ambao macho yao ni mepesi, na migongo yao haiumi.

Dawa ya pili ni mikono. Waokoeni viwavi mmoja mmoja na kuwatia katika ndoo yenye maji, au wapelekeeni kuku. Kwa shamba la kadiri ya nyumba moja hakuna njia iliyo rahisi kuliko hii, wala haihitaji fedha.

Dawa ya tatu ni jembe. Mkiisha kuvuna, msiliache shamba lilale na pupa ndani yake. Geuzeni udongo wa matuta vizuri, mkawaache kuku na ndege wafuate nyuma. Pupa aliyefunuliwa juani hana miguu ya kukimbilia. Tena ng'oeni magugu yale ya jamii ya viazi, yatambaayo kando ya shamba na kuchanua maua ya mfano wa baragumu. Maana nondo hutaga huko pia, na viwavi hupata mahali pa kungojea viazi vyenu vipya.

Dawa ya nne ni akili katika kutumia dawa. Zamani, katika nchi ya Marekani, wakulima wa tumbaku walinyunyizia viwavi wao wenye pembe sumu ya risasi na arseniki, ambayo ni sumu kwa watu pia. Sisi twakumbuka kwamba majani ya viazi ndiyo matembele, mboga ya jioni. Mtu akinyunyizia sumu asubuhi, na mtoto wake akachuma mboga jioni, amejitilia sumu katika chungu chake mwenyewe. Iko dawa moja iliyotengenezwa kwa vijidudu viitwavyo Bacillus thuringiensis, vilivyojulikana tangu mwanzo wa karne ya 20. Kiwavi akila jani lenye vijidudu hivyo huacha kula, kisha hufa. Lakini hufanya kazi vizuri kwa viwavi wadogo, si kwa wale walionenepa. Kwa hiyo hata mwenye dawa hiyo hana budi kuanza na macho.

Yafaa pia mjue wapi pa kuogopa na wapi pa kutulia. Viazi vilivyokwisha kushika mizizi vyema vyaweza kupoteza majani kadha wa kadha vikachipua tena. Hatari kubwa ni kwa marando machanga yaliyopandwa karibuni, na kwa shamba linalonyang'anywa majani yote kwa pamoja, maana jani ndilo jiko la mmea: lisipokuwapo, kiazi kilicho chini hakina wa kukipikia. Basi mkiona viwavi watatu au wanne katika shamba lililositawi, waondoeni, mkalale usingizi. Mkiwaona wengi katika shamba changa, msingoje hata kesho.

Kisha wako rafiki zetu ambao hatuwajui. Katika nchi ya Marekani kuna kiwavi mwenye pembe alaye nyanya na tumbaku, ndugu wa huyu wetu. Pengine mkulima humkuta ana vitu vyeupe vingi mgongoni, mfano wa punje za mchele zilizosimama wima. Mjinga hudhani ni mayai, akamponda. Kumbe ni vifuko vya nyigu wadogo sana. Nyigu jike alitia mayai yake ndani ya mwili wa kiwavi. Watoto wake wakala humo, wakatoka nje, wakajisokotea vifuko mgongoni mwake. Kiwavi huyo hatakula tena sana, naye atakufa. Bali vifuko vile vitatoa nyigu wengine watakaowatafuta viwavi wengine. Ampondaye amewaua askari wake mwenyewe. Viwavi wa viazi vyetu nao wana maadui wa namna hiyo, nyigu wadogo na nzi. Basi mkimkuta kiwavi mwenye vifuko vya nyigu juu ya mwili wake, mwacheni alipo.

Na huyo nondo mwenyewe, je, ni adui tupu? Hapana. Mwaka 1862 Mwingereza Charles Darwin aliandika habari za ua moja la Madagascar, ambalo utamu wake umo katika mrija wa karibu sentimita 30. Alisema kwamba katika kisiwa hicho hapana budi pawe na nondo mwenye mrija wa kufika huko, ijapokuwa hakuna aliyemwona. Darwin alifariki mwaka 1882. Na mwaka 1903 nondo wa Madagascar mwenye mrija wa kadiri hiyo, wa jamii hii hii, aliandikwa katika vitabu. Tena tusiende mbali. Utafiti uliofanywa katika mashamba ya mapapai nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba wachukuzi wa mbelewele za maua ya mapapai ni nondo wa jamii hii, na wa viazi vitamu akiwa mmoja wao. Mpapai dume na mpapai jike ni miti miwili. Pasipo mchukuzi, jike hazai vema. Basi mtoto hula majani ya viazi vyetu, na mama yake hutuzalishia mapapai. Ndiyo sababu nawaambieni: waondoeni viwavi katika viazi vyenu, lakini msimchukie kila nondo aliye karibu na taa.

Yuko ndugu yake mwingine aogopwaye zaidi, ambaye kiwavi wake hula majani ya ufuta, tumbaku na viazi vya kizungu. Nondo huyo ana alama mgongoni mfano wa fuvu la kichwa cha mtu, tena akishikwa hulia kwa sauti nyembamba. Huingia katika mizinga ya nyuki akaiba asali. Watu wa Ulaya hapo zamani walimwona kuwa ni mjumbe wa mauti. Hakuwa mjumbe wa mtu. Alikuwa mdudu mwenye njaa, ambaye watu walimtazama kwa hofu kabla hawajamtazama kwa macho.

Sasa nimalizie habari ya mama. Jioni ile ya Jumapili aliichukua ndoo yenye viwavi, akanishika mkono, tukaenda mpaka kwa mzee. Tulipiga hodi. Mzee alitoka, asiseme neno. Mama akaiweka ndoo chini mbele yake, akasema, “Baba, mbuzi walionilia viazi ni hawa. Wako wewe hawana kosa. Mimi ndiye mwenye kosa.” Mzee akainama akatazama ndani ya ndoo muda mrefu. Kisha akasema, “Mwanangu, na mimi nina viazi nyuma ya nyumba, nao vimeanza kutoboka. Nilidhani kwamba umenifanyia neno.” Mkewe, aliyekuwa mlangoni, akacheka, na mama naye akacheka, ingawa machozi yalikuwa yakimtoka.

Asubuhi ya Jumatatu nyumba zote mbili hazikwenda barazani. Zilikwenda shambani, kwanza kwa mzee, kisha kwetu, na watoto wote tukaokota viwavi kwa kushindana. Matuta nane ya mama yalichipua majani mapya, ijapokuwa viazi vyake vilikuwa vidogo kuliko vingine. Na michembe ya mwaka ule ilitosha, kwa kuwa mzee alituongezea kikapu kimoja cha kwake.

Basi, ndugu zangu, kesho alfajiri nendeni mkainue marando. Na siku mtakapokuta shamba limeliwa, angalieni kwanza yaliyo chini ya majani, kabla ya kuangalia nyumba ya jirani. Kwaherini.